Ukitaka kukusanya sanamu za kale za Kichina za jiwe la sabuni, fundisha mkono kwanza kabla ya kutoa pesa

Kila mgeni anayeingia sebuleni kwangu hapa Uingereza anaishia mbele ya lile kabati la vioo, anachungulia weee, alafu anauliza hii ni jade, lile jiwe gumu la thamani linalopendwa sana China? Hapana sio jade, ni jiwe la sabuni, jamii ya lile jiwe ambalo wengi wetu tunalijua kwa sahani na vinyago vya Kisii, ila haya yamechongwa China, mengi yana miaka themanini, mia, na machache zaidi ya hapo. Swali la pili huwa ni moja tu, na mimi naanzaje? Basi leo naandika yote niliyojifunza kwa miaka kama kumi na moja ya kuokota hivi vitu kimoja kimoja, ili anayeanza asipite kwenye mashimo niliyopita mimi.

Kubwa kuliko yote ni hili: we unanunua jiwe na kazi ya mkono, hununui hadithi. Muuzaji atakwambia ni ya enzi ya Ming, utawala wa kifalme wa China uliokwisha karne ya 17, atakwambia ilitoka kwa babu yake aliyekuwa nahodha wa meli, na labda ni kweli, lakini hadithi huwezi kuipima. Jiwe unaweza kulipima. Alama za patasi unaweza kuziona. Ndo maana nasema anza na mkono na macho, pesa ije mwisho.

Kabla hujatoa hata shilingi nenda kashike mawe. Kama uko Nairobi, Arusha, Dar au Mombasa ingia duka lolote la vinyago, chukua kipande cha jiwe la Kisii, lile la Tabaka, funga macho ulisikie. Mwanzo lina baridi, alafu linachukua joto la mkono taratibu, na lina utelezi fulani kama kipande cha sabuni kilichokauka, jina lake limetokea hapo hapo. Ukitoka hapo shika plastiki nzito, shika kioo, shika marumaru, rudi tena kwenye jiwe. Fanya hivyo mara nyingi mpaka mkono ujue wenyewe bila kuuliza macho. Jiwe la China sio lile lile la Kisii, lakini ukishaujua ule utelezi umeshapata nusu ya elimu.

Sasa tuje kwenye jiwe lenyewe. Kitaalamu jiwe la sabuni ni lile lenye talki nyingi, talki ile ile ya poda ya watoto. Mawe mengi ya China yanayoitwa jiwe la sabuni sio talki kabisa, ni pairofilaiti au dikaiti, madini mengine laini yanayochongeka kwa kisu. Hili lina maana kwako mnunuzi, sababu talki unaikwangua kwa ukucha kirahisi mno, wakati jiwe zuri la China linaweza kuugomea ukucha na bado likawa halali kabisa, usije ukalitupa ukidhani ni feki.

Wachina wenyewe hawaishii kusema jiwe la sabuni, wanataja lilikochimbwa, na we jizoeze hivyo hivyo. La kwanza ni Shoushan, hiki ni kijiji cha milimani kaskazini mwa mji wa Fuzhou mkoa wa Fujian, jiwe lake lina rangi karibu zote, jeupe, jekundu, la asali, jeusi, na mara nyingi rangi mbili tatu kwenye kipande kimoja. La pili Qingtian, kusini mwa mkoa wa Zhejiang, hili hupendelea kijani mpauko, manjano, kijivu na kahawia. La tatu Changhua, upande wa Hangzhou, huko ndo kwenye lile jiwe linaloitwa damu ya kuku, lina mabaka mekundu ya zinjifuri, yaani madini ya zebaki, kama mtu amechinjia juu yake. La nne Balin, la Mongolia ya Ndani, ambalo lilianza kuchimbwa kwa wingi miaka ya 1970, kwa hiyo mtu akikuletea sanamu ya Balin akasema ya miaka mia mbili muulize maswali mengi sana.

Alafu kuna mfalme wao, Tianhuang. Hili ni jiwe la manjano la Shoushan ambalo halichimbwi kwenye mwamba, linaokotwa kwenye udongo wa mashamba ya mpunga kandokando ya kijito, vipande vilivyobingirika zamani vikazikwa. Lina ngozi kwa nje na ndani lina nyuzi nyuzi ambazo Wachina wanazifananisha na nyuzi za figili. Kuna msemo wao wa zamani kwamba liang moja ya Tianhuang ni liang tatu za dhahabu, na hiyo liang ni kipimo chao cha uzito. Mfalme Qianlong wa karne ya 18 alikuwa na mihuri mitatu ya Tianhuang iliyounganishwa kwa mnyororo, na mihuri na mnyororo vyote vimechongwa kutoka kipande kimoja tu cha jiwe, ipo mpaka leo kwenye jumba la makumbusho la kasri la Beijing. Nakueleza hivi ili ukiona mtandaoni mtu anauza Tianhuang kwa bei ya viatu vya mtumba uelewe unachoangalia.

Mimi nagawa huu uwanja sehemu tatu, na ningekushauri uingilie mlango wa tatu.

Mlango wa kwanza ni mihuri. Kwa mamia ya miaka msomi wa Kichina alikuwa na muhuri wake wa jiwe wa kugonga kwenye barua na michoro, na historia yao inamtaja Wen Peng wa enzi ya Ming, karne ya 16, kama mmoja wa walioieneza sana tabia ya kuchonga mihuri kwa jiwe laini, sababu jiwe la Qingtian msomi aliweza kulichonga mwenyewe kwa mkono wake badala ya kumpelekea fundi wa shaba au pembe. Muhuri una kichwa juu, mara nyingi simba au joka, una uso wenye maandishi ya kinyume, na pembeni unaweza kuwa na maandishi madogo ya aliyechonga. Ni vitu vizuri mno vya kukaa kiganjani. Lakini bei yake inaendeshwa na aina ya jiwe na jina la mchongaji, vyote viwili vinaigizwa sana, na uso wa muhuri unaweza kusagwa na kuchongwa upya mwaka jana tu. Kama husomi Kichina, au huna rafiki anayesoma, usianzie hapa.

Mlango wa pili ni sanamu za karne ya 17 na 18, hasa za Fujian enzi ya mfalme Kangxi aliyetawala kuanzia 1661 mpaka 1722. Majina mawili ya wachongaji yanatajwa kila mahali, Yang Yuxuan na Zhou Bin. Hapa utakuta Guanyin, mtakatifu wa huruma wa Kibuddha, amekaa, utakuta luohan, wale wanafunzi watakatifu wa Buddha, mmoja anakuna mgongo, mwingine ameegemea simba, na kwenye pindo za nguo kuna mapambo ya mistari myembamba kama unywele ambayo ilitiwa rangi na dhahabu. Nenda British Museum au Victoria and Albert Museum pale London, kuingia ni bure, simama mbele ya kabati hata nusu saa. Angalia mikunjo ya nguo inavyoanguka gotini, angalia vidole. Mimi nilikuwa naenda na daftari nachora vibaya vibaya tu, sio kwa ajili ya kuchora, ni kwa ajili ya kulazimisha jicho lisirukeruke. Bei za hizi kwenye mnada ni za watu wenye hela zao, na sahihi ya Yang Yuxuan mgongoni ni kitu ambacho mafundi waliendelea kukichonga karne na karne baada yake, kwa hiyo jina peke yake halitoshi.

Mlango wa tatu ndo wangu, kazi zilizochongwa kwa ajili ya kuuzwa nje, kuanzia mwisho wa karne ya 19 mpaka kama miaka ya 1940. Nyingi ni jiwe la Qingtian. Na hapa kuna historia ambayo mimi inanigusa moyo, sababu watu wa Qingtian walikuwa maskini, milima mingi na mashamba madogo, kwa hiyo walibeba hizi sanamu mgongoni wakaenda kuuza Ulaya, mji kwa mji, mlango kwa mlango, na wengi walibaki huko, ndo maana mpaka leo Wachina wengi wa Uhispania na Italia asili yao ni Qingtian. Sanamu ya tumbili iliyokaa dirishani kwa bibi mmoja wa Kiingereza inawezekana kabisa ilifika Ulaya kwenye mzigo wa mtu wa namna hiyo, mtu aliyekuja ugenini na mawe kama mtaji. Wengi wetu tulioondoka nyumbani tunaijua hiyo safari.

Vitu vyenyewe ni vya aina nyingi: vyombo vya maua vyenye krisanthemum na matawi yamezunguka, visahani vya kuoshea brashi ya wino, vipande viwili viwili vya kuzuia vitabu visianguke kwenye shefu, simba, Buddha mnene anayecheka, mzee Shoulao, mungu wao wa umri mrefu, mwenye paji la uso refu ameshika tunda la pichi, na matumbili, matumbili kweli kweli. Mengi yana maana na inafaa kuzijua maana sababu zinakusaidia kutambua kazi iliyochongwa na mtu aliyejua anachofanya. Popo ni heri, kwa sababu jina lake kwa Kichina linalingana sauti na neno la heri. Komamanga ni watoto wengi. Pichi ni umri mrefu. Tumbili jina lake linafanana na cheo cha utukufu, kwa hiyo tumbili aliyembeba mtoto mgongoni ni dua kwamba ukoo upate vyeo kizazi hadi kizazi. Wale matumbili watatu wanaoziba macho, masikio na mdomo ni wazo la Kijapani, walichongewa wateja wa Kizungu.

Bei? Mimi vyombo vya maua vya kawaida nimevipata kati ya pauni 10 na 50, kutegemea ukubwa na kama matawi yamevunjika. Kizuri sana chenye jiwe la rangi tatu kilinigharimu 140 na sijutii. Kinachofanya kimoja kiwe bora kuliko kingine ni jinsi mchongaji alivyotumia rangi za jiwe. Mchongaji mzuri wa Qingtian akipata jiwe lenye mkanda wa kahawia juu na kijani chini anafanya kahawia iwe tawi na tumbili, kijani iwe majani, mpaka unadhani vimepakwa rangi na kumbe ni jiwe lenyewe. Mchongaji wa haraka haraka anakata tu bila kujali rangi imeangukia wapi. Ukiona doa limegeuzwa wingu au mwamba, nunua hata kama kuna jani limepasuka.

Haya, kupima. Hapa nitakaa kidogo sababu ndo pesa inapookolewa.

Kipimo ninachokiamini zaidi ya vyote ni maji na mizani ya jikoni, ile ya dijitali ya kupimia unga. Pima sanamu ikiwa kavu, andika uzito. Chukua bakuli la maji liweke juu ya mizani, rudisha mizani kwenye sifuri, funga sanamu kwa uzi imara, izamishe yote kwenye maji ukiwa umeshika uzi, isiguse chini wala pembeni, soma namba. Gawanya uzito wa kwanza kwa hiyo namba. Mfano, sanamu kavu ni gramu 540, ndani ya maji mizani inasoma 200, 540 ukigawa kwa 200 ni 2.7. Mawe haya ya China huangukia kati ya 2.6 na 2.9 hivi. Resini, yaani ile plastiki inayomiminwa kwenye kalibu, hata ikichanganywa na unga wa mawe mara nyingi haifiki 2. Alabasta, yaani lile jiwe laini jeupe la jasi, inakuja kama 2.3. Jade iko juu, karibu 3 na kuendelea. Angalizo mbili, usizamishe sanamu yenye rangi au dhahabu ya kupakwa, na usizamishe yenye kitako cha mbao au yenye gundi ya zamani, na ukishatoa ifute palepale.

Marumaru na kalsaiti nazo zinakuja 2.7, kwa hiyo mizani peke yake haimalizi. Ndo unaenda kwenye ugumu. Kwenye kitako, sehemu ambayo tayari ina mkwaruzo, gusa kwa ncha ya pini. Jiwe la sabuni litatoa unga mweupe kirahisi, marumaru inakataa kidogo, jade inakataa kabisa, pini inateleza. Usiguse uso wala nguo za sanamu, na sanamu ambayo si yako usiikwaruze bila ruhusa ya mwenyewe. Ile habari ya kuchoma kwa sindano ya moto achana nayo, inaacha kovu, na kama ni jiwe lenye zinjifuri unachoma zebaki, mvuke wake ni sumu.

Alafu lensi, ile ndogo ya masonara inayokuza mara 10. Ingia kwenye mashimo, nyuma ya majani, katikati ya miguu ya tumbili, kule ambako mchongaji hakutegemea mtu aangalie. Kazi ya zamani ya mkono utaona vijibapa vya patasi na mikwaruzo ya tupa isiyolingana, kila mmoja na upande wake. Kazi ya mashine ya umeme inaacha mifereji ya mviringo iliyolingana, kama kijiko kidogo kimechota mara mia kwa kipimo kile kile. Resini utaona vitobo vidogo vya hewa na wakati mwingine mstari wa kalibu pembeni, na pia sanamu mbili zinazofanana mpaka nyufa, kitu ambacho jiwe haliwezi kufanya.

Baada ya hapo angalia uchakavu upo wapi. Kitu kilichoshikwa miaka themanini kinalainika pua, magoti, kichwa cha tumbili, kingo za kitako, yaani panapoguswa, na uchafu unabaki kwenye mashimo. Kitu kilichozeeshwa kwa chai au dawa ya viatu kina kahawia kila mahali sawasawa, mpaka kwenye mpasuko ambao ni mpya. Kipindue uone chini, kitako cha kweli kina mikwaruzo ya kila upande kwa sababu kimesogezwa mezani na watu wengi kwa miaka mingi. Mikwaruzo yote ikielekea upande mmoja hapo kuna mtu amepitisha msasa.

Kuhusu alama chini, wengi wanauliza. Marekani ilipitisha sheria ya ushuru 1890 iliyotaka bidhaa za nje zioneshe nchi zilikotoka, ikaanza kazi 1891, kwa hiyo neno CHINA lililochongwa au kugongwa kwenye kitako ni dalili kwamba kitu kilitengenezwa baada ya hapo kwa soko la nje. Maneno MADE IN CHINA kwa kawaida ni ya baadaye zaidi, karne ya 20. Na kuanzia 1950 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 Marekani ilizuia bidhaa za China Bara, kwa hiyo kitu kilichoingia Marekani kwa njia ya kawaida aidha ni kabla ya hapo au baada. Kukosa alama hakumaanishi ni ya zamani sana, stika zilibanduka, na zilizouzwa Ulaya nyingi hazikuwekwa alama kabisa.

Niwaambie nilivyopigwa mwaka wangu wa pili. Niliona muhuri wa manjano mtandaoni, umeandikwa Tianhuang wa kale, picha nzuri, maelezo marefu ya ukoo, nikalipa pauni 260 ambazo zilikuwa za kitu kingine kabisa nyumbani. Ulipofika nilijisikia vibaya dakika ile ile nilipoushika, ulikuwa na joto, haukuwa na ule ubaridi wa mwanzo. Nikaupima, 1.7. Nyuzi za figili zilikuwa zimechorwa ndani ya resini. Muuzaji hakujibu tena ujumbe wangu hata mmoja. Iliniuma sana, na ndo ile siku niliyoanza kupima kila kitu na kuuliza uzito na urefu kabla sijanunua. Siku hizi muuzaji nikimuomba picha ya kitako, picha ya mgongoni kwa mwanga wa dirisha, na uzito kwa gramu, akikataa naondoka hata kama moyo unataka.

Damu ya kuku nayo ni hivyo hivyo. Mabaka ya kweli yanaingia ndani ya jiwe, yana mawingu, pengine mazito pengine mepesi, yanapita kwenye kona na kuendelea upande wa pili. Ya kuigiza yamepakwa juu kisha yakafunikwa resini angavu, ukitumia lensi unaona tabaka, na wekundu wake uko wa aina moja tu. Tianhuang ya bandia nyingine ni jiwe kweli, ila la aina nyingine limetiwa rangi, hapo hata mizani itakudanganya, ndo maana nimesema huo ni mlango wa kuingia ukiwa na mtu anayejua.

Wapi pa kununua. Wengi watadhani ni China, na hapo ndo kuna mtego. Sheria ya China kwa ujumla hairuhusu vitu vya kale vya kabla ya 1911 kutolewa nchini, kwa hiyo mtu akikuuzia sokoni Panjiayuan pale Beijing sanamu anayosema ni ya enzi ya Qing, utawala wa mwisho wa wafalme wa China, ama anakudanganya ama anakuingiza kwenye kosa forodhani, na vyote viwili hasara ni yako. Vitu vilivyouzwa kihalali zamani vilikuwa vinawekwa lakiri nyekundu ya nta, ukikuta kitu Ulaya bado kina hiyo lakiri usiibandue, ingawa nayo siku hizi inaigizwa. Wale mnaoenda Yiwu kufunga mizigo, Qingtian iko mkoa ule ule wa Zhejiang, nendeni mkaone, kuna makumbusho ya mawe na wachongaji wanaofanya kazi mpaka leo, mnaweza kununua kazi mpya ya mtu aliye hai na mkamuona akichonga, ni kitu halali na kizuri sana, ila isije ikaitwa ya kale ikifika nyumbani.

Za kale tafuta zilikokwisha kufika zamani: Uingereza, Ufaransa, Uholanzi, Marekani, Kanada. Mimi napata nyingi kwenye minada midogo ya mijini, ile inayouza samani na vyombo vya marehemu, na kwenye yale masoko ya Jumapili ambapo watu wanafungua buti za magari wanauza vitu vya nyumbani, na kwenye maduka ya mitumba ya hisani. Amka mapema. Kwenye mnada soma masharti, sababu juu ya bei uliyofikia wanaongeza asilimia yao na kodi, mtu anashinda kwa 40 anajikuta analipa zaidi ya 50. Nenda siku ya kuangalia, ushike. Kitu kikiitwa jade kwenye orodha na we unaona ni jiwe la sabuni, kaa kimya au waambie, lakini usilipe bei ya jade.

Kuhusu kutunza. Usioshe kwa sabuni wala maji ya moto, na siki au jiki ndo kabisa usiguse. Brashi laini ya kupakia poda inatoa vumbi, na pamba ya masikioni iliyoloweshwa kidogo sana kwa maji inatosha kwa uchafu uliobaki, kisha kausha. Vingi vilipakwa nta tangu mwanzo na hiyo nta ikigeuka ya asali ndo uzuri wenyewe, usiikwangue. Mafuta ni suala la aina ya jiwe: baadhi ya mawe ya Shoushan yanakauka na kupasuka, na wenyewe huyapaka mafuta membamba kidogo kidogo, lakini Qingtian kwa kawaida haihitaji, na sanamu yenye rangi usipake kitu. Weka mbali na hita na dirisha lenye jua. Damu ya kuku hasa, zinjifuri ikipigwa na mwanga mkali siku nyingi inageuka nyeusi na hairudi tena.

Unapoinua vua pete, shika kitako kwa mikono miwili, kamwe usiinue kwa tawi au mkia, matawi mengi unayoyaona yameungwa gundi yalivunjika hivyo. Na likivunjika usikimbilie gundi ile ya sekunde, inaacha weupe na haiondoki vizuri, weka kipande kwenye bahasha uandike kimetoka wapi, alafu tafuta mtu wa ukarabati wa vitu vya kale. Usipige msasa kusawazisha, vumbi la mawe haya si zuri kwa mapafu.

Ukisafirisha, tuseme unatuma nyumbani, funga kwanza kwa karatasi laini isiyo na wino, ndo uje na plastiki yenye mapovu, jaza mashimo katikati ya matawi kwa karatasi iliyofinyangwa polepole bila kusukuma, weka kwenye boksi, na hilo boksi liingie kwenye boksi jingine lenye nafasi ya vidole vinne kila upande. Kitako kama kinabanduka funga peke yake.

Na daftari. Kila kipande nakiandikia urefu, uzito, ile namba ya maji, rangi, wapi nimekipata, siku gani, bei, na kila kilichosemwa na muuzaji nakiweka kwenye safu yake peke yake ya "amesema", tofauti na safu ya "nimepima". Risiti nabandika humo humo. Namba ya kipande naiandika kwenye kikaratasi kilichofungwa kwa uzi wa pamba, sio kwa kalamu juu ya jiwe, wino ukiingia kwenye jiwe laini kuutoa ni kazi.